Chumba cha Kashasha

Kwa miaka mingi nilisimulia habari za Kashasha kama kichekesho. Mgeni akija Bukoba, nami nikikosa la kumwambia, nilimweleza jinsi wanafunzi wa kule Muleba walivyoshikwa na kicheko hata shule ikafungwa, tukacheka sote. Siku moja shangazi yangu, aliyekuwa msichana miaka ile, alinisikia. Hakucheka. Aliniuliza tu, "Mwanangu, kwani walikuwa wanacheka nini?"

Nilikwenda kusoma. Tarehe 30 Januari 1962, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni walianza kucheka na kulia, wasiweze kujizuia. Shule ilipofungwa 18 Machi, walikuwa wameugua 95 kati ya 159. Walimu hawakupatwa. Wasichana wakarudi makwao, na huko Nshamba wakaugua watu 217. Madaktari Rankin na Philip, walioandika habari hizo mwaka 1963, hawakuona sumu wala kijidudu. Wagonjwa walisema kuna vitu vinatembea kichwani, na kwamba mtu anawakimbiza. Wenyeji waliita akajanja, yaani wazimu. Nasi wa baadaye tulishika kicheko peke yake, tukaacha machozi.

Nimezoea kuidhani akili yangu kuwa nyumba yenye mlango, na ufunguo ninao mimi. Lakini kama hofu ya msichana mmoja huweza kuwa hofu ya bweni zima, mlango huo uko wapi? Na mgonjwa ni nani hapo: yule aliyeanza, aliyefuata, au shule yenyewe?

Ipo sanaa isiyotundikwa ukutani. Msanii hupanga vitu chumbani, nawe huingia humo. Yayoi Kusama wa Japani, ambaye tangu utotoni aliona madoadoa yakifunika kila kitu, alijenga chumba chake cha kwanza cha vioo mwaka 1965. Mwaka 1977 akahamia kwa hiari yake hospitali ya wagonjwa wa akili, Tokyo, na kuendelea kufanya kazi. Aingiaye chumbani mwake hujiona amezidishwa pasipo mwisho. Haelezwi ugonjwa, husimamishwa ndani yake.

Basi nami nimewaza chumba cha Kashasha. Nisingeweka sauti ya kicheko, maana wageni wangecheka. Ningepanga viti 159, na 95 ningevielekeza ukutani, mtu apite katikati yake akitafuta pa kukaa.

Ila Kusama alionyesha maradhi yake mwenyewe, nami ningeonyesha ya wengine. Wanafunzi wale walikuwa na umri wa kati ya miaka 12 na 18. Walio hai sasa ni bibi wenye wajukuu, na huenda wengine hawajawaambia wajukuu hao walisoma wapi. Nilipomweleza shangazi habari ya viti, alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama vingekuwa na majina.