Je, Asiyesoma Hesabu za Chama Chake Hana Lawama?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumeifundisha shuleni kwa miaka mingi, na kila mara mzigo wake tumemtwisha yule anayeandika daftari: mweka hazina, mhasibu, karani wa chama. Ni mara chache tumemgeukia yule ambaye daftari limeandikwa kwa ajili yake, tukamwuliza kama amelifungua. Leo nataka kumgeukia huyo. Mwanachama ambaye hakusoma hesabu za chama chake, na mali ikapotea, je, anaweza kusimama mbele ya wenzake akasema hana lawama?

Swali hili linatuhusu sana sisi wa Songwe. Mkoa wetu, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, umejaa mali za pamoja. Mbozi kuna vyama vya msingi vya wakulima wa kahawa. Huku Tunduma, kama ilivyo Momba na Ileje, kuna vyama vya akiba na mikopo, vikundi vya VICOBA, michango ya makanisa na misikiti, na kamati za shule. Na hesabu hatuziogopi. Mtu aliyeishia darasa la saba husimama mpakani akatajiwa bei kwa kwacha, naye akaigeuza kuwa shilingi kabla muuzaji wa Nakonde hajamaliza kuitamka. Januari 2013 Zambia ilipoondoa sifuri tatu katika fedha yake, kwacha 1,000 za zamani zikawa kwacha 1 mpya, wafanyabiashara wetu walielewa kwamba hakuna aliyetajirika wala aliyefilisika kwa tendo hilo. Walijua kuwa tarakimu peke yake haisemi kitu mpaka ilinganishwe na kile inachoweza kununua.

Lakini watu hao hao, mweka hazina anaposimama kusoma taarifa ya fedha, husikiliza kwa adabu, hupiga makofi, husema "tumepokea," kisha hutawanyika. Kwa hiyo uwezo tunao. Tofauti ni kwamba sokoni fedha ni yangu, na mkutanoni fedha ni yetu. Na kilicho chetu sote kila mmoja humwachia mwenzake akilinde.

Ukimwuliza mtu kwa nini hakusoma, atakujibu: "Nilimwamini." Jibu hili linasikika zuri, nami silidharau, maana bila kuaminiana hakuna chama wala ndoa. Hata hivyo, hebu tulipime. Mtu tuliyemkabidhi sanduku la fedha za watu mia mbili tumemweka mahali pagumu. Ana watoto wa kusomesha, ana wagonjwa nyumbani, na kila jioni yuko peke yake na fedha ambayo anajua hakuna atakayeiuliza. Kumwacha hivyo kisha kuita jambo hilo imani ni kumwonea. Anayemtakia mema mweka hazina wake hulisoma daftari lake, naye mweka hazina hulala usingizi akijua kwamba kesho kuna macho mengine.

Kuna jambo la pili ambalo naliona kubwa zaidi. Tumezoea kudhani kwamba asiyejua kusoma hesabu hujidhuru mwenyewe tu. Sivyo. Huyo huwadhuru watu wa aina mbili: humpa mwizi nafasi, na humhukumu mwaminifu bila haki. Nitaeleza kwa mfano wa kubuni, wenye tarakimu nyepesi.

Tuseme chama cha msingi cha kahawa kimewasomea wanachama taarifa ya mwaka. Mapato ni shilingi milioni 60, matumizi milioni 52, ziada milioni 8. Watu wanafurahi. Kisha mtu mmoja anauliza benki kuna kiasi gani. Anajibiwa: mwaka ulianza tukiwa na milioni 3, na sasa kuna milioni 1. Hapo ukumbi unachafuka. Tulikuwa na 3, tumepata ziada ya 8, zingekuwa 11, na iliyopo ni 1. Milioni 10 zimekwenda wapi? Mmoja anapaza sauti kwamba zimeliwa, wengine wanaitikia, na jina la karani linaharibika kijiji kizima kabla jua halijatua.

Sasa tufungue ukurasa wa pili wa taarifa ile ile, unaoitwa mizania. Watu wengi huuruka ukurasa huu kwa sababu hauna mapato wala matumizi. Upande mmoja huorodhesha kila kitu ambacho chama kinacho siku ile, na upande wa pili huonyesha vitu hivyo vimepatikana kwa fedha ya nani: kiasi gani ni deni kwa watu wengine, na kiasi gani ni cha wanachama wenyewe. Ndiyo maana pande mbili lazima zilingane, kama vitanga vya mizani. Mtawa wa Italia, Luca Pacioli, alichapisha maelezo ya uandishi huu wa pande mbili huko Venice mwaka 1494, na hadi leo wahasibu wa dunia nzima wanaufuata. Msingi wake mtoto anaweza kuuelewa: hakuna kitu kisichokuwa na kilikotoka.

Katika mizania ya chama chetu cha mfano tunakuta mistari miwili. Wa kwanza unasema wadaiwa, milioni 6. Hii ni mbolea iliyouzwa kwa wanachama kwa mkopo. Imehesabiwa katika mapato kwa sababu imeuzwa, lakini fedha yake haijalipwa. Wa pili unasema mtambo wa kumenyea kahawa, milioni 4. Mtambo umenunuliwa mwaka huu, na kwa kuwa utafanya kazi miaka mingi, bei yake yote haikuwekwa katika matumizi ya mwaka mmoja. Sita na nne ni kumi. Fedha haikuliwa, imebadilika sura. Karani ambaye tungemfukuza ni mtu safi.

Lakini usifunge daftari hapo, ndugu msomaji, kwa maana mahali hapo hapo ndipo mwizi hujificha. Mtambo twendeni tukauone. Je, upo? Unafanya kazi? Bei yake sokoni ni hiyo? Na hao wadaiwa wa milioni 6, ni akina nani? Kama ni wakulima sitini, kila mmoja na mifuko yake ya mbolea, deni litalipwa kahawa ikiuzwa. Kama sehemu kubwa inadaiwa na watu watatu, na watatu hao ndio wajumbe wa bodi, basi tarakimu ni za kweli na chama kinakwisha. Neno "wadaiwa" limefunika dhambi nyingi kuliko neno "wizi," kwa sababu halimstui mtu.

Kwa hiyo, asiyejua kutofautisha ziada na fedha taslimu hawezi kumtetea mwaminifu wala kumkamata mhalifu. Atapiga makofi pasipostahili na kupiga kelele pasipostahili. Hili kwangu si suala la ufundi wa kihasibu. Ni suala la haki. Hakimu asiyesoma jalada la kesi tungemwita dhalimu hata kama moyo wake ni mwema. Wanachama katika mkutano mkuu ni mahakimu, na taarifa ya fedha ndiyo jalada lao.

Gharama ya kutouliza tumeiona nchini. Mwaka 2009 Serikali ilisimamisha shughuli za DECI, mpango ambao maelfu ya Watanzania walikuwa "wamepanda mbegu" wakingoja kuvuna maradufu, na mwaka 2013 mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, iliwatia hatiani viongozi wake. Waliopanda hawakuwa wapumbavu. Walikuwemo walimu, wachungaji na wafanyabiashara hodari. Swali moja tu la mizania lingetosha: hiki ninachovuna kimetoka wapi? Kama hakuna shamba, duka wala kiwanda, basi mavuno yangu ni mbegu ya mtu aliyejiunga nyuma yangu. Na hapo pana swali la dhamiri ambalo waliovuna mapema hawapendi kuulizwa.

Wapo watakaosema: mwananchi wa kawaida utamdaije jambo ambalo hakufundishwa? Hoja hii ni nzito. Mwaka 1966 kamati maalum ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika nchini, na miongoni mwa mambo iliyoyataja kuwa chanzo cha matatizo ni wanachama kutokuwa na elimu ya ushirika wao. Miaka minne baadaye, 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na nchi nzima ikaingia darasani, wazee wakishika chaki kwa mikono iliyozoea jembe. Tuliwafundisha KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Sisi walimu tunajua kwamba K ya kwanza na ya pili zilishangiliwa, na K ya tatu ikaishia kwenye kujumlisha na kutoa. Mtu alihitimu akiweza kusoma barua ya mwanawe, lakini taarifa ya chama chake ilibaki kama maandishi ya ugenini.

Basi lawama zina ngazi. Anayeiba anabeba lawama ya kwanza. Anayeandika hesabu kwa makusudi ili zisieleweke yuko karibu naye sana: yule anayesoma tarakimu haraka haraka saa kumi na moja jioni watu wakitaka kurudi nyumbani, au anayeficha nusu ya fedha kwenye mstari ulioandikwa "mengineyo." Ngazi ya tatu ni ya sisi tuliosoma, ambao tungeweza kumweleza jirani na tukanyamaza tusije tukaitwa wachochezi. Mwanachama asiyesoma yuko ngazi ya mwisho. Yupo, lakini ni ya mwisho. Na bibi ambaye hakupata shule kabisa simweki kwenye ngazi hizo, ila namkumbusha kwamba kuuliza hakuhitaji kujua kusoma.

Kwamba macho ya watu wa kawaida yana nguvu, majirani zetu wa Uganda wamelithibitisha. Uchunguzi uliofanywa huko ulionyesha kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995 shule za msingi zilipokea, kwa wastani, takriban asilimia 13 tu ya ruzuku ambayo serikali kuu ilikuwa imezitengea. Baadaye serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kinachopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi kilichopokewa. Kufikia mwaka 2001 sehemu iliyofika shuleni ilikuwa imepita asilimia 80. Wataalamu wamebishana ni kiasi gani kilitokana na magazeti na kiasi gani na mageuzi mengine, lakini hakuna anayebisha kwamba fedha iliyotajwa hadharani ni ngumu kupotea kuliko iliyotajwa ofisini.

Hapa kwetu utaratibu upo. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukutana kila miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Vyama vya ushirika vina shirika lao la ukaguzi, COASCO. Na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoa ripoti kila mwaka kwa mujibu wa Ibara ya 143 ya Katiba. Hata hapo tusome kwa makini. Halmashauri ikipata hati safi watu husherehekea kana kwamba imetangazwa haina dhambi. Hati hiyo inasema tu kwamba hesabu zimeonyesha hali halisi kwa kufuata kanuni. Haisemi kwamba fedha ilitumika kwa busara. Kisima kilichochimbwa mahali pasipo na maji, kikalipiwa kwa stakabadhi zote, kinaweza kupita katika hesabu safi kabisa. Mkaguzi anatuambia fedha ilikwenda wapi. Kama ilistahili kwenda huko ni juu yetu kuamua.

Sidai, basi, kila mtu awe mhasibu. Nadai kila mwanachama aende mkutanoni na maswali manne, ayashike kama anavyoshika maamkizi. Tulianza na fedha kiasi gani na sasa tuna kiasi gani? Ziada mnayoisema iko katika sura gani, fedha, mali au madeni? Nani tunamdai, na nani anatudai? Na mwaka jana mistari hii ilisomekaje? Swali la nne ndilo mwalimu mzuri kuliko yote, kwa sababu tarakimu ya mwaka mmoja ni picha, na ya miaka mitatu ni mwenendo.

Ayaulize kwa upole, akitaja cheo cha mtu kwa heshima, na angoje jibu mpaka mwisho. Kwetu kuuliza fedha mbele za watu huonekana ni kumshuku mwenzako, na najua wengi wananyamaza kwa sababu ya aibu hiyo, wala si kwa uvivu. Dawa yake ni kuuliza kila mara na kumwuliza kila mtu, mwaka wa ziada na mwaka wa hasara, rafiki na asiye rafiki. Swali likiwa la kawaida halimtuhumu mtu. Linalotuhumu ni lile linaloulizwa mara moja tu, kwa hasira, fedha ikiwa imekwisha kupotea. Na aliyenyamaza miaka yote akaja kuuliza siku hiyo, lawama anayoitafuta itambidi aigawe, na sehemu moja, hata ikiwa ndogo, arudi nayo nyumbani.