Kwa Wahandisi Vijana: Msichimbe Kila Mtu Kisima Chake

Wanangu, nyinyi mnaosomea uhandisi na nyinyi mliokwisha kuvaa kofia ngumu viwandani, nina neno kuhusu hewa ukaa. Mmeambiwa dawa yake ni jua na upepo. Kwa umeme, sawa. Kwa saruji haitoshi. Mawe ya chokaa yakichomwa ili yawe klinka, hewa ukaa hutoka ndani ya jiwe lenyewe, na hiyo ni zaidi ya nusu ya yote anayotoa mwenye kiwanda. Pasha tanuri kwa jua tupu, jiwe litaitoa vilevile. Kwanza punguzeni klinka. Majivu ya volkano ya Mbeya yanafaa kuchanganywa, na hayo hayamsubiri mtu. Itakayobaki ndiyo ya kunaswa na kuzikwa.

Tazameni Norwei. Mwaka 2025 kiwanda cha saruji cha Brevik kilizindua mtambo wa kunasa tani 400,000 hivi kwa mwaka. Wenyewe ni Heidelberg Materials, haohao wenye hisa nyingi katika Twiga Cement ya Wazo Hill, kwa hiyo msidhani nawasimulia ya mbali. Hewa hugeuzwa kimiminika, hupakiwa melini hadi Øygarden karibu na Bergen, kisha husukumwa kwa bomba la kilomita 100 hivi na kuingizwa kwenye miamba, mita 2,600 chini ya sakafu ya bahari. Bomba na kisima si vya Brevik. Ni vya Northern Lights, kampuni ya Equinor, Shell na TotalEnergies, na hata kiwanda cha mbolea cha Yara kule Sluiskil, Uholanzi, kimeweka mkataba wa kupeleka mzigo wake huko.

Ndivyo inavyopasa. Hakuna mwenye duka Kariakoo anayejijengea bandari yake. Tatizo ni nani aanze: mwenye kiwanda hanunui mtambo kabla hajajua hewa itakwenda wapi, na mwenye bomba hachimbi kabla hajamwona mteja. Wanaweza kutazamana hivyo hadi mstaafu. Norwei, serikali ndiyo iliyoingia kati, ikabeba sehemu kubwa ya gharama za mwanzo. Uwezo wa kuanzia wa Northern Lights ni tani milioni 1.5 kwa mwaka, nao unapanuliwa ufike milioni 5. Mhasibu akilalamika kwamba bomba ni pana mno, mwulizeni bei ya kulaza la pili.

Lakini hesabu nzuri pekee hazitoshi. Huko Barendrecht, Uholanzi, Shell ilitaka kuihifadhi hewa hiyo kwenye kisima cha gesi kilichokwisha, chini ya mji wa watu. Wakazi walipinga, na mwaka 2010 serikali ikaufuta mradi. Nendeni kwa majirani kabla mchoro haujakauka wino, na msiende na majibu tu.

Jambo la mwisho ndilo ninaloliogopa zaidi. Kisima kikijaa na kampuni ikaondoka, nani atakilinda? Sheria ya Umoja wa Ulaya kwa kawaida humwachia mwenye kisima dhima hiyo kwa miaka isiyopungua 20 baada ya kukifunga, ndipo serikali iipokee. Mkiletewa mkataba usiolijibu swali hilo, msiutie saini.