Viwanda vya Tanga vimekufa: Tusiwatwishe wazee wetu dhambi isiyo yao

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake wote.

Katika Suratul Baqara aya ya 259, Mwenyezi Mungu anatupa habari za mtu aliyepita kwenye mji uliokuwa magofu, mapaa yake yameporomoka. Mtu yule akajiuliza vipi Mwenyezi Mungu atauhuisha mji huo baada ya kufa kwake. Mwenyezi Mungu akamfisha yeye mwenyewe kwa miaka 100, kisha akamfufua na kumuuliza amekaa muda gani. Akadhani ni siku moja au sehemu ya siku. Akaambiwa atazame chakula na kinywaji chake: havikuharibika. Akaambiwa amtazame punda wake, naye akaona namna mifupa inavyoinuliwa na kuvishwa nyama. Hapo akakiri kuwa Mwenyezi Mungu ni Muweza wa kila kitu.

Wafasiri wengi wamesema mtu huyo ni Uzair na mji ule ni Baitul Maqdis. Qur'an yenyewe haikutaja jina la mtu wala la mji, na kwa hiyo funzo lake linamfaa kila mwenye kupita mahali palipokuwa na uhai pakafa.

Nimeisomesha aya hii kwa wanafunzi wangu kwa miaka kadhaa. Likizo ya Desemba iliyopita nilikwenda Tanga, mji niliozaliwa, baada ya miaka 16. Niliondoka kwenda kusoma chuo kikuu, kisha kazi ya ualimu ikanipeleka Kanda ya Ziwa. Baada ya baba kufariki, mama alihamia Morogoro kwa dada yangu, na safari zetu za familia zikawa za huko. Safari hii niliitwa kwa ajili ya mirathi ya nyumba ya baba iliyopo Ngamiani, nikakaa wiki tatu.

Mji uliolisha wengi

Vijana wengi wa leo hawajui Tanga ilikuwa nini. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika ikiwa hai ni 62 tu. Kutokana na miche hiyo yalitoka mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa wa mkonge duniani. Mwaka huo huo wa 1893 ndipo reli ilipoanza kujengwa kutoka bandari ya Tanga kwenda bara. Mwaka 1964 nchi ilizalisha kiasi cha tani 230,000 za mkonge.

Tusisahau kuwa utajiri huo ulijengwa kwa jasho la manamba, watu waliosombwa kutoka Kigoma, Songea, Burundi, Rwanda na Msumbiji, wakaitwa kwa namba badala ya majina waliyopewa na wazazi wao. Wengi wamezikwa huko huko mashambani.

Baada ya uhuru vikaja viwanda: mbolea, chuma, sabuni, plastiki, saruji. Sisi tuliokulia Ngamiani tulijua saa kwa king'ora cha kiwanda. Shifti ikibadilika, barabara zilijaa baiskeli, na mwisho wa mwezi hata muuza kahawa alikuwa na furaha.

Nilipofika safari hii nilikwenda hadi kwenye kiwanda alichofanya kazi baba. Geti lina kufuli lenye kutu. Mabati yameezuliwa, mti umeota ndani ya ukumbi wa mashine, na mashine zenyewe zilikwishakatwa zikauzwa chuma chakavu. Mlinzi aliyenipokea alikuwa na rungu na redio, akaniambia hata yeye hajui hasa analinda nini.

Kilichouangusha

Mji haukuanguka kwa siku moja. Miaka ya 1960 nyuzi za plastiki zilianza kuchukua nafasi ya kamba za mkonge, na bei ikaporomoka. Mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa, na uendeshaji wake ukawa dhaifu. Mwaka 1986 nchi ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, milango ya biashara ikazidi kufunguliwa, na bidhaa za nje na mitumba zikaingia kwa wingi, viwanda vyetu vikiwa na mitambo iliyochoka. Miaka ya 1990 ukaja ubinafsishaji. Vipo viwanda vilivyopata wawekezaji wa kweli, na vipo vilivyopata watu waliotaka kiwanja na vyuma. Kufikia mwishoni mwa miaka hiyo, mkonge wa nchi nzima ulikuwa umeshuka hadi kiasi cha tani 20,000.

Hizo ndizo sababu, na nimezitaja kwa makusudi, kwa sababu ya jambo ninalotaka kulieleza hapa chini.

Khutba na swali la mzee

Ijumaa ya pili nilisali katika msikiti mmoja wa mjini. Khatibu, kijana wa umri wangu, alisoma aya ya 112 ya Suratun Nahl, inayopiga mfano wa mji uliokuwa na amani na utulivu, riziki yake ikiujia kwa wingi kutoka kila upande, kisha ukakufuru neema za Mwenyezi Mungu, ukaonjeshwa njaa na hofu. Akasema mji huo leo ni Tanga. Akataja ngoma, taarabu na uvivu, akahitimisha kuwa viwanda vimefungwa kwa dhambi za watu wa mji.

Baada ya swala nilikaa barazani na mzee mmoja, rafiki wa marehemu baba. Walifanya kazi pamoja. Aliniambia kwa upole:

“Mwanangu, wewe umesoma. Mimi kwa miaka 22 king'ora cha saa kumi na mbili asubuhi hakijanikuta nyumbani, na alfajiri nimeshaisali. Huo uvivu niliufanya saa ngapi?”

Ndugu zangu, swali la mzee huyu linastahili jibu kutoka kwetu sisi tunaopanda mimbari na kushika chaki. Aya ni ya kweli, hakuna Muislamu anayeitilia shaka. Na ni wajibu wetu kukatazana maovu. Lakini kuisoma aya kisha kunyoosha kidole na kusema fulani kafukuzwa kazi kwa sababu ya dhambi zake ni kudai elimu ya ghaibu. Nabii Ayyub (a.s.) alipoteza mali, watoto na afya, naye ni Mtume wa Mwenyezi Mungu. Masahaba walipojeruhiwa Uhud iliteremka aya inayosema kuwa siku hizi Mwenyezi Mungu huzizungusha baina ya watu (3:140). Na katika Suratu Faatir aya ya 18 tumefundishwa kwamba hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyingine.

Na kama ni lazima tutafute dhambi katika kufa kwa viwanda, mbona tunaitafuta kwenye taarabu tu? Qur'an imetuelezea watu wa Nabii Shuaib (a.s.), walioonywa wasipunje vipimo wala kuwapunguzia watu haki zao (11:85). Aliyekabidhiwa mali ya umma akaitafuna, aliyenunua kiwanda kwa ahadi ya kukifufua akakikata vipande, aliyetia saini karatasi ya kuwaachisha watu kazi bila kuwalipa, hawa khutba zetu zinawapita kimya. Tunamsema mwenye njaa kwa sababu yuko mbele yetu na hana la kutufanya.

Deni lisilofutika

Wafanyakazi wa kiwanda kile waliachishwa mwaka 1996, nikiwa mtoto wa darasa la kwanza. Waliahidiwa mafao. Waliambiwa wasubiri mnunuzi, kisha wasubiri uhakiki, kisha majina yao hayapo kwenye daftari. Baba alikufa akiwa na bahasha ya kaki yenye vielelezo vyake vyote. Mzee yule naye anayo yake, ameihifadhi pamoja na msahafu.

Katika Hadithi Qudsi iliyopokewa na Bukhari, Mwenyezi Mungu anawataja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Mmoja wao ni aliyemuajiri mtu, akaifaidi kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Tafakari uzito huo! Katika mahakama za duniani kesi inaweza kufutwa kwa muda kupita au faili kupotea. Mbele ya Mwenyezi Mungu hakuna faili linalopotea.

Kwa hiyo wasomi wa sheria wa Kiislamu waliopo Dar es Salaam, Tanga na kwingineko, hii ni ibada iliyo mikononi mwenu. Keti na wazee hawa, soma karatasi zao, waeleze ukweli wa haki yao ilipofikia, ilipwe au isilipwe. Mtu mzima asiachwe miongo mitatu akilinda bahasha.

Chakula kisichooza

Katika kisa cha aya ya 259 kuna jambo ambalo huwa tunalipita haraka. Punda, mnyama mwenye nguvu, ndiye aliyebaki mifupa. Chakula, kitu chepesi kuoza kuliko vyote, ndicho kilichohifadhiwa. Simaanishi kuifasiri aya kwa rai yangu, nachukua mfano tu. Tanga chuma kimeliwa na kutu, lakini jioni nilipopita barabara za Ngamiani nilisikia watoto wakisoma juzuu kama tulivyosoma sisi. Nilimuona mama jirani akipeleka sahani ya futari ya Alhamisi kwa mgonjwa asiye na undugu naye. Mji wenye mambo haya haujafa.

Wala si haki kusema hakuna uchumi uliobaki. Saruji inatoka Pongwe. Wafugaji wadogo wa ng'ombe wa maziwa walijiunga katika ushirika miaka ya 1990, na ushirika wao ukawa na hisa katika kiwanda cha maziwa. Bandari imechimbwa kina na kujengewa gati ambako meli kubwa zinafunga, wakati zamani zilitia nanga mbali na mzigo ukaletwa kwa matishari. Mwaka 2017 liliwekwa jiwe la msingi Chongoleani la bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443.

Swali ni je, riziki hii ikifika itamkuta nani amejiandaa? Nabii Yusuf (a.s.) alitumia miaka saba ya neema kuwekea akiba miaka saba ya shida. Miaka ya mkonge ilipita, na mwenye shamba aliweka akiba yake Ulaya. Tukirudia hivyo, watoto wetu watakuwa walinzi wa mageti ya watu wengine.

Tufanye nini?

Kwanza, tuache kuuza kila kitu. Tanga ina sifa yake ya zamani ya ‘waja leo waondoka leo’. Siku hizi inatimia kwa namna ya kusikitisha: watoto wa mji wanakuja kuzika, wanauza nyumba ya mzazi kwa bei ya haraka, wanagawana na kuondoka jioni. Mirathi ni haki, na kila mrithi apewe fungu lake, mwanamke kabla ya kuombwa ‘asamehe’. Lakini hakuna sheria inayowalazimisha warithi kuuza. Sisi katika kikao chetu tulikubaliana dada zetu wapate hisa zao kamili kwa maandishi, nyumba ibaki, kodi ya vyumba vya mbele igawanywe kwa mafungu ya kisheria.

Pili, turudishe wakfu. Sayyidna Umar (r.a.) alipopata ardhi Khaybar, Mtume (s.a.w.) alimuelekeza aizuie asili yake na atoe sadaka mazao yake. Mwenye mali anaweza kuusia mpaka theluthi. Chumba kimoja cha duka kikiwekwa wakfu kinaweza kumlipia kijana ada ya kujifunza uchomeleaji, umeme au ufundi wa mitambo katika chuo cha ufundi. Abdurrahman bin Auf (r.a.) alipohamia Madina hana kitu, ndugu yake wa Kiansari alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Yeye akaomba aonyeshwe soko lilipo. Vijana wetu wa vijiweni, baadhi yao wamekwishaingia kwenye unga, hawahitaji khutba ya kuwatukana. Wanahitaji mtu wa kuwaonyesha soko na kuwashika mkono hadi mlangoni.

Tatu, tuliotoka tusidhani wajibu wetu unaisha kwa rambirambi. Mtume (s.a.w.) alipoiaga Makka alisema kuwa ni ardhi aipendayo zaidi, na alipoirudia mwaka wa 8 Hijria aliingia kwa unyenyekevu na msamaha, akawaachia watu wake mwalimu wa kuwafundisha dini. Kila mmoja wetu aliyetoka Tanga, Morogoro ya viwanda au Mwanza ya nguo, ana elimu fulani ambayo mji wake hauna.

Tukumbuke, katika miche ile 1,000 ni 62 tu iliyopona, nayo ikatosha kuienea nchi. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa hata Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza kuupanda basi aupande. Hakutuambia tusubiri kwanza hali ya hewa iwe nzuri.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu waliotangulia wakiwa wanadai haki zao, awape subira na malipo walio hai, na aijaalie miji yetu baraka. Amin.

Wabillahi tawfiiq.