Maji ya Kobe ni Deni

Mwaka 1780 Gilbert White, kasisi wa kijiji cha Selborne nchini Uingereza, alirithi kobe aliyekuwa wa shangazi yake. Kobe huyo aliitwa Timothy. White alikuwa mtu wa kuchunguza kila kiumbe kilichompitia mbele ya macho, na siku moja akamtia Timothy kwenye pipa la maji aone kama anajua kuogelea. Timothy alizama taratibu, akawa anatembea chini kabisa ya pipa, na bwana wake akaona wazi kwamba mnyama amefadhaika. Kasisi huyo alimpenda kobe wake kwa dhati. Hata hivyo, alikufa bila kujua kuwa Timothy alikuwa jike.

Basi mapenzi hayatoshi. Anayemfungia kiumbe asiyeweza kuomba, anadaiwa nini hasa?

Waislamu wana hadithi mbili mashuhuri ambazo mara nyingi husimuliwa pamoja, kana kwamba zina fundisho moja. Katika ya kwanza, mtu aliteremka kisimani, akajaza kiatu chake maji na kumnywesha mbwa aliyekuwa akihema kwa kiu. Mungu akamsamehe dhambi zake. Katika ya pili, mwanamke aliadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutie vijidudu vya ardhini. Tofauti ya hadithi hizo ni kubwa. Mbwa hakuwa wa yule mtu, kwa hiyo maji yale yalikuwa hisani. Paka alikuwa amefungiwa, na kumfungia huko ndiko kulikozaa deni.

Kobe wa kufugwa yumo katika hadithi ya paka.

Porini kobe hujihangaikia mwenyewe. Katika jangwa la Mojave, Marekani, kobe huchimba vishimo vya kina kifupi vya kukinga mvua, na maji anayokunywa huyaweka kwenye kibofu kama akiba ya miezi ya ukame. Akishtuliwa na kunyanyuliwa anaweza kuyamwaga yote, na hasara hiyo huweza kumgharimu uhai. Juu ya sakafu ya vigae hawezi kuchimba chochote. Maji yake yote yamo mikononi mwa aliyemweka pale.

Kulipa deni hilo hakuhitaji fedha. Beseni pana lenye maji ya uvuguvugu linatosha, maji yafike pale gamba la juu linapokutana na la tumbo, yasipite kidevu, kwa sababu kobe wa nchi kavu hawezi kuogelea na huzama akafa. Dakika 15 hadi 30 zinatosha. Wadogo hukauka upesi, hivyo wafugaji wengi huwaloweka kila siku au siku chache kwa wiki, wakubwa hupunguziwa. Mfugaji akitulia ataona kobe akiinamisha kichwa na koo likipanda na kushuka anapokunywa. Mara nyingi atajisaidia humo humo na kutoa kitu cheupe. Kikiwa laini kama uji mzito, hali ni njema. Kikiwa na chembechembe kama mchanga, mwili umeishiwa maji, na taka hiyo inaweza kuganda ikawa mawe kwenye kibofu. Maji yakichafuka yabadilishwe. Beseni lisiwe la vyombo vya jikoni, na mikono ioshwe kwa sabuni, maana kobe hubeba vijidudu vya salmonela.

Ujuzi huu haukupatikana kwa siku moja. Kwa muda mrefu wafugaji waliamini kuwa vyakula vyenye protini nyingi ndivyo vinavyofanya gamba liote vinundu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu kobe wa Afrika wa jamii ya sulcata ulionyesha kwamba ukavu wa mazingira ndio uliokuwa na uzito zaidi. Watu wenye nia safi walikuwa wamepunguza chakula, huku kinachokosekana kikiwa unyevu. Nia njema humfariji mfugaji. Kobe anahitaji mfugaji anayejifunza na kukubali kurekebishwa.

Kwa hiyo, msomaji unayekutana na kobe porini, mwache aende zake. Kobe bapa wa majabali ya Kenya na Tanzania walikamatwa na kuuzwa nje kwa wingi hadi mwaka 2019 mataifa yakawaweka katika orodha ya juu kabisa ya ulinzi wa biashara ya kimataifa. Na kama tayari unaye kobe nyumbani, leo hii mwandalie beseni lake.