Dhahabu kwa Mizani, Injini kwa Macho

Katika machimbo madogo ya Geita, kama Nyarugusu na Rwamgasa, na upande wa Shinyanga kule Mwakitolyo, mawe ya dhahabu husagwa kwa karasha. Pasipofika umeme, karasha huendeshwa na injini ya dizeli, mara nyingi ile ya silinda moja iliyolala. Kisa hiki cha mama mwenye injini ya namna hiyo kimetungwa ili kitufunze.

Injini ya mama huyo ilikuwa imekula beringi za shafti mbili ndogo zilizo jirani na kranki. Spea zilikuwa mbali, na viroba vya mawe ya wateja vilikuwa vimerundikana. Fundi kijana akazing'oa shafti zote mbili.

“Mama, hivi ni vyuma vya ziada tu. Injini inawaka bila hivyo.”

Ikawaka kweli. Alikuwa amefunga na pistoni mpya ya kampuni nyingine, maadamu kipenyo kilikuwa kile kile, na boliti za konrodi akarudisha zile zile za zamani.

Tangu siku hiyo injini ikawa inatetemeka. Nati za msingi zikalegea, zikakazwa, zikalegea tena. Zege likapata ufa, likaongezewa zege. Bomba la dizeli likakatika, likaungwa. Kila kilichoharibika kilitengenezwa, chanzo kikaachwa. Fundi mzee, aliyezeekea kwenye viwanda vya kuchambua pamba, alipita akalishika tangi kwa kiganja, akasema, “Mama, zima injini hii.”

“Nikimaliza mzigo huu, baba.”

Mzigo haukuisha. Boliti ya konrodi ilikatika, konrodi ikatoboa bloku, injini ikawa chuma chakavu. Kwa rehema za Mungu, hakuna aliyekuwa karibu.

Mzee alijua kwamba pistoni huenda na kurudi, na kila mwisho wa safari husimama ikageuzwa. Injini ya mizunguko 2,000 kwa dakika huigeuza mara 4,000. Safari hiyo ikiwa ya milimita 115, kila kilo inayokwenda na kurudi huivuta injini kwa nguvu ya takriban uzito wa kilo 250. Gramu 100 zikizidi kwenye pistoni, zinaongeza kilo 25, na boliti za konrodi ndizo za kwanza kuvutwa. Kasi ikiwa maradufu, nguvu huwa mara nne. Uzito uliowekwa kwenye kranki huituliza sehemu tu ya nguvu hiyo. Iliyobaki hutulizwa na zile shafti mbili, ambazo uzito wake huelekea upande ulio kinyume na pistoni.

Kwenye ukanda huu hakuna anayeuza dhahabu kwa kukadiria. Tunapima hadi pointi ya gramu. Basi na pistoni ipimwe, ya zamani na mpya, pamoja na pini na ringi zake, kabla ya kufungwa. Shafti zirudishwe kwa kufuata alama za kiwandani zilizo kwenye gia, maana meno yakikosewa huongeza mtetemo badala ya kuupunguza. Boliti za konrodi ziwe mpya, zikazwe kwa spana ya kipimo. Na injini ikianza kutetemeka baada ya matengenezo, izime siku hiyo hiyo uifungue, hata foleni ya mawe iwe ndefu kiasi gani.