Mashua Iliyolala Mchangani

Kwa miaka minne mashua ya mpwa wangu ilikaa mchangani Pangani, imeegemezwa magogo, omo yake ikitazama mto. Kila nilipopita alitoka chini yake, vumbi la mbao limemjaa hadi kwenye kope.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Lini?"

"Bado kidogo, mjomba."

Nia yake ilikuwa njema. Yeye na mkewe wahamie chomboni kwa miaka miwili, wapande na kusi bandari kwa bandari hadi Lamu, kisha warudi na kaskazi wapite Unguja, Mafia na Kilwa. Mwaka wa kwanza fedha zote ziliishia kwenye mkuku na mataruma. Mwaka wa pili mama yake, dada yangu, akaugua, na mwana haondoki bandarini huku mamake yuko kitandani. Wa tatu, 2024, alikusudia kuondoka baada ya Idi. Siku zikavutika, Mei ikaingia, na kimbunga Hidaya kikaja hadi Mafia, jambo ambalo pwani yetu hailioni mara kwa mara. Nilimkuta siku ile amekaa juu ya foromali, kichwa amekiinamisha. Akaniuliza: "Mjomba, au Mungu hataki?"

Sikuwa na jibu la papo hapo. Wazee wetu wametuachia maneno mawili yanayopingana. Wamesema subira huvuta heri, na wamesema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mimi naamini yote mawili, na ninaamini kuwa aliyechoka hulikimbilia lile linalomfaa siku hiyo bila kupima.

Nilianza na upepo, kwa kuwa upepo ndio uliotufundisha kungoja. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na zamani ndiyo iliyoteremsha vyombo kutoka Maskati, Sur, Kuwait na Bara Hindi hadi Mombasa na Unguja. Kurudi kulitaka kusi, ambayo huanza Aprili. Aliyechelewa kumaliza biashara akakuta Juni imeingia hakuwa na la kufanya: kusi ya Juni na Julai huichafua bahari hata bandari za Uarabuni zikafungwa. Ilimbidi akae mpaka demani, Agosti au Septemba, upepo uliporudi kuwa wa kiasi. Kati ya pepo hizo mbili kuna tangambili, siku ambazo upepo haujulikani utokako, na nahodha mwenye akili hakuziamini.

Miezi hiyo yote watu waliishi. Walipanga vyumba, wakakopeshana, wakaoa, wakazaa, wakajifunza kuagiza samaki kwa lugha ya wenyeji. Nikitazama majina ya koo zetu, mapishi yetu na maneno tunayosalimiana, naona alama za watu waliokuwa wakingoja upepo. Wangepata upepo wa kurudi siku ileile waliyoshusha shehena, pwani hii isingekuwa hivi ilivyo. Nilimwambia mpwa wangu hilo, na kwa mara ya kwanza siku ile akainua kichwa.

Kisha nikamsimulia habari za Vasco da Gama, ambazo hapa kwetu tunazisoma shuleni kwa upande mmoja tu. Aprili 24, 1498 aliondoka Malindi akiwa na rubani aliyepewa na sultani wa mji, kusi ikianza. Mei 20 alitia nanga karibu na Calicut. Siku 26, bahari nzima. Kurudi ikawa habari nyingine. Aligombana na mtawala wa Calicut, akatoka mwishoni mwa Agosti, akajibanza kisiwani Anjediva, na Oktoba 5 akaamua kuivuka bahari kabla kaskazi haijasimama. Ikamchukua siku tatu pungufu ya miezi mitatu, leo shwari, kesho upepo wa mbisho. Kiseyeye kikawaingia mabaharia, ufizi ukavimba hadi kufunika meno, na watu 30 wakafa katika mvuko huo mmoja. Walipoingia Malindi Januari 7, 1499, kitu cha kwanza walichoomba kwa ajili ya wagonjwa kilikuwa machungwa. Mabaharia hawakutosha tena merikebu tatu, na moja, São Rafael, waliichoma moto wenyewe upande wa Tanga. Alikuwa na sababu za kuogopa kukaa, simlaumu kwa hilo. Lakini kaskazi haikujali sababu zake.

Hata leo, wenye mashua za kisasa wanaotaka kuvuka Atlantiki kutoka Visiwa vya Canary hungoja Novemba hadi msimu wa tufani za Karibiani uishe, ingawa wana setilaiti na injini. Basi ucheleweshaji wa upepo, na wa mama mgonjwa, nilimwambia asiuhesabu kuwa hasara. Usisafirie nyota ya mwenzio. Rafiki zake waliokwisha kwenda walikuwa na mama zao wazima.

Ila kungoja nako kuna kazi, na hapa ndipo vijana wengi huharibikiwa. Chombo cha mbao kikikaa juani hukauka, mbao husinyaa, na pale palipokuwa pameshikana huanza kupitisha mwanga. Wazee walikipaka mafuta ya papa tunayoyaita sifa, wakatia kalafati upya, wakachanganya chokaa na shahamu kutengeneza deheni ya chini. Walishona matanga. Walisokota kamba. Baharia mwenye chombo pwani alikuwa na mikono michafu kila siku, na sidhani alipata nafasi ya kukaa kuzihesabu siku. Mpwa wangu alifanya hayo yote, namshuhudia.

Mwaka wa nne ukaja. Mama yake amepona, fedha ipo, kusi imetulia, demani inaingia. Nikauliza lini. "Bado kidogo, mjomba." Rangi ya ndani haijapendeza. Taa ya mlingoti anaagiza nyingine. Mlango wa stoo aubadilishe. Nilikaa mchangani nikamtazama akipiga msasa ubao ambao alikuwa ameshaupiga msasa wiki iliyopita, na moyo uliniuma, maana nilimjua tangu akipanda mikorosho na sikuwahi kumwona anaogopa.

"Mwanangu," nikamwambia, "hii ya sasa si ya upepo."

Alinyamaza kwa muda. Mkewe, aliyekuwa akitwanga kando, akaacha mchi.

"Nikienda ikazama je, mjomba?"

"Kama itavuja, itavujia hapa mtoni, na mimi nipo."

Tulingoja bamvua ya mwezi mpevu. Vijana kumi na wawili wa mtaani waliisukuma juu ya magogo, maji yakaipokea, na mara moja ikaanza kuvuja, kama kila chombo kilichokauka kinavyovuja. Mpwa wangu aligeuka kunitazama, uso umemshuka. Nikampa ndoo. Mbao haivimbi kwa dawa yoyote ila kwa kukaa majini, na usiku huo wote tulikumba maji ngamani kwa zamu, yeye, mkewe na mimi, taa ya chemli ikining'inia kwenye mlingoti. Kabla ya saa sita tulikuwa tukikumba bila kupumzika. Saa nane tukaweza kuketi na kunywa chai kati ya zamu na zamu. Alfajiri, adhana ilipotoka msikiti wa ng'ambo, alishuka ngamani na ndoo yake, akakaa huko kitambo, akapanda nayo haijajaa hata nusu.

"Mjomba," akasema, "upepo wa leo unatoka wapi?"