Arubuni ya Samaki

Mwenzangu mmoja, ambaye tulijifunza naye ualimu katika chuo kimoja, alikwenda Marekani kuongeza elimu yake katika jimbo la Texas. Mwaka jana aliniandikia barua yenye swali moja tu. Wenzake wa huko walikusudia kwenda mto Trinity kuvua samaki wakubwa kwa upinde, wakiongozwa na mtu aifanyaye kazi hiyo kwa ujira. Nafasi katika mashua zilikuwa chache, na kila aliyetaka kwenda alipaswa kupeleka arubuni kabla ya siku ya Ijumaa. "Ndugu yangu," aliandika, "mimi si mwindaji, wala sina njaa. Je, nilipe au nisilipe?"

Nilicheka kwanza, kisha nikaona kwamba swali lile halikustahili kuchekwa.

Yafaa msomaji amjue samaki mwenyewe. Huitwa aligeta gaa, kwa kuwa taya lake refu lenye meno lafanana na la aligeta, mnyama wa ukoo wa mamba. Magamba yake ni magumu kama mfupa, hata wenyeji wa kale wa nchi ile waliyafanya vyembe vya mishale. Mmoja aliyenaswa wavuni huko Mississippi mwaka 2011 alipita futi 8 kwa urefu, uzito wake ulikuwa ratili 327, na alikadiriwa kuwa na umri wa miaka 95 hivi. Jike hukaa miaka kama 10 kabla ya kutaga, na hutaga vema pale mto unapofurika na maji kuingia majanini. Mwaka usio na mafuriko huenda usilete vifaranga wengi. Zamani watu walimchukia wakidhani kwamba anawamaliza samaki wengine, wakamwua ovyo. Katika miaka ya 1930 ilitengenezwa hata mashua ya umeme huko Texas kwa kazi hiyo. Siku hizi mawazo yamegeuka. Tangu mwaka 2009 sheria ya Texas, karibu mahali pote, humruhusu mtu gaa mmoja tu kwa siku. Na tangu mwaka 2019, katika sehemu moja ya mto Trinity, gaa aliyepita inchi 48 hauawi ila na mtu aliyepata kibali kwa kura.

Tena gaa ana jambo moja la ajabu: hupumua hewa kama sisi. Maji yanapokuwa na joto na kupungukiwa na hewa, yeye hupanda juu, akavuta pumzi, akashuka. Kipawa hicho kimemhifadhi tangu zama za kale sana. Na ndicho kimpelekacho mbele ya mshale, maana mwenye upinde husimama juu ya jukwaa la mashua akingoja mgongo ule utokeze.

Mshale wenyewe hauna manyoya. Umefungwa kamba, na chembe chake kina miiba ili samaki asichomoke. Wanafunzi wa sayansi watafahamu kwa nini mpigaji hulenga chini ya mahali amwonapo samaki: nuru hupinda itokapo majini, na kile akionacho si samaki pale alipo, bali sura yake tu. Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye uzito. Mvuvi wa ndoana humleta samaki mkononi, akamtazama, akampima, kisha akaamua kumchukua au kumwacha. Mwenye upinde huamua kwanza, ndipo ajue alichoamua. Mshale ukiisha kuchoma, hakuna la kurudisha.

Wapendao upinde wana jawabu lao, nalo si jepesi. Husema kwamba mvuvi wa ndoana amtesaye samaki nusu saa, kisha akamwachia, hakumtendea wema wowote, amemfanya mchezo. Wao humla wampigaye. Nakiri kwamba hoja hii ilinikalia kichwani siku kadha. Mtu atafutaye kitoweo na kuridhika na samaki mmoja ana haki kuliko yule achezaye na maumivu ya kiumbe. Lakini hoja yenyewe yamfaa yule tu alaye kweli. (Mayai ya gaa ni sumu kwa binadamu, nyama yake huliwa.)

Hata hivyo, rafiki yangu hakuuliza kama ni halali kuua. Aliuliza kama ni halali kulipa, na hilo ni swali jingine. Mtu atokaye peke yake na upinde wake, akarudi mikono mitupu, amepoteza siku moja. Lakini aliyelipa arubuni hujiona ana deni la kudai mtoni. Kiongozi naye, ambaye watoto wake hula kwa ujira ule, huona haya kumrudisha mgeni bila kitu. Basi kila mmoja humsukuma mwenzake. Mgeni husema, "Kiongozi ndiye aliyenionyesha." Kiongozi husema, "Mgeni ndiye aliyelipa." Samaki amekufa, na damu haina mwenyewe.

Nasi tusiwacheke Wamarekani upesi. Theodore Roosevelt alishuka Mombasa mwaka 1909 kwa safari ya kuwinda, na baada yake wageni wengi walilipa viongozi na vibali katika nchi yetu, mpaka serikali ya Kenya ilipoukataza uwindaji wa namna ile mwaka 1977. Pembe ngapi ziliangikwa ukutani na watu waliojituliza moyo kwa stakabadhi!

Nilimjibu rafiki yangu kwamba fedha yake yanunua maarifa ya kiongozi, mashua yake, na siku yake. Haimnunui samaki, kwa sababu kiongozi hana samaki wa kuuza. Nikamsihi aulize mambo mawili kabla ya kupeleka arubuni: nyama huenda wapi, na mgeni asiporusha mshale huonwaje.

Aliuliza. Kiongozi akasema kwamba nyama hugawanywa kwa wote waliomo, na kwamba ujira ni ule ule, mtu apige asipige. Rafiki yangu akalipa.

Barua yake ya pili ilikuwa ndefu. Asubuhi gaa mmoja alipanda karibu na mashua, mrefu kuliko mtu. Yamkini alikuwa jike, maana majike ndio wafikao ukubwa ule. Akavuta upinde. "Kifuani mwangu," aliandika, "sikusikia huruma wala ushujaa. Nilisikia dola zikihesabiwa." Akalegeza ugwe. Wenzake wakamzomea, kiongozi hakusema neno, akageuza mashua. Alasiri akampiga mwingine, wa futi tatu hivi, na jioni wakamla. Sasa ananiuliza kama alitenda haki kumwacha yule mkubwa na kumwua yule mdogo.

Barua hiyo ingali mezani kwangu. Sijaijibu.